Kapandishwa mara tatu hashiki: tunaanzia wapi? (Uzi wa uzazi na afya ya ng'ombe wa maziwa)

#1 Daftari_la_Zizi

Wakuu, kila anapoletwa ng'ombe asiyeshika, jibu la kwanza huwa ni kubadilisha mbegu au kubadilisha mpandishaji. Mbegu mbovu ipo, na mpandishaji asiye makini yupo, lakini hapo sipo pa kuanzia. Fungua daftari. Hesabu siku kati ya kupandishwa (kutiwa mbegu) na joto lililofuata, yaani siku anayotaka dume, ng'ombe mmoja mmoja, halafu tazama kundi zima.

Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, na chochote kati ya 18 na 24 ni cha kawaida. Aliyepandishwa akarudi, yaani akaonyesha joto tena, ndani ya siku hizo, ama yai halikurutubishwa, ama kiinitete kilikufa mapema mno kabla mwili haujatambua kwamba una mimba. Hapo kagua saa ya kupandisha, utunzaji wa mbegu na usafi wa mfuko wa uzazi. Akirudi siku ya 25 hadi 35, yawezekana alishika kisha akapoteza: tafuta maambukizi, homa, joto kali la hewa, chakula chenye ukungu. Akirudi kati ya siku ya 36 na 48, usikimbilie ugonjwa, kwa sababu hiyo ni mizunguko miwili. Mara nyingi kuna joto la katikati lilipita na hakuna aliyeliona. Akirudi kabla ya siku 18, joto mojawapo lilisomwa vibaya au ovari ina uvimbe wa maji.

Kama wengi wanaangukia kwenye 36 hadi 48, tatizo lako ni macho ya anayeangalia joto. Kama wengi wako kwenye 18 hadi 24, tatizo ni saa, mbegu au mfuko wa uzazi. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, ndiyo maana ushauri wa "badilisha mbegu" bila kuhesabu ni wa kubahatisha.

Vya kuandika: tarehe ya kuzaa, kondo la nyuma lilitoka baada ya saa ngapi, kila joto lililoonekana (hata lile usilopandisha), tarehe na saa ya kupandisha, namba ya fahali, jina la aliyepandisha, matokeo ya kupima mimba, na ugonjwa wowote. Mimba ni siku 280 hivi. Ukitaka azae kila baada ya miezi 12 hadi 13, lazima ashike kati ya siku ya 85 na 115 tangu kuzaa. Ukianza kumpandisha siku ya 60 una nafasi kama tatu tu. Joto moja likikupita umepoteza wiki tatu za maziwa na za ndama.

#2 Mpandishaji_Mkongwe

Naongezea kwenye saa. Dalili ya kuaminika ni moja: anasimama bila kukimbia mwenzake akimpanda. Anayepanda wenzake anaweza kuwa anakaribia joto tu, kwa hiyo mwangalie aliye chini zaidi ya aliye juu. Nyingine ni dalili za kukutayarisha: uke kuvimba na kuwa mwekundu, ute mwangavu unaovutika kama uzi, kulia ovyo, kutotulia, kuweka kidevu mgongoni mwa mwenzake, manyoya ya shina la mkia kuvurugika, maziwa kupungua ghafla siku hiyo.

Kusimama huku hudumu saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi huwa kufupi zaidi, saa 8 au chini. Yai hutoka saa 24 hadi 32 tangu aanze kusimama. Mbegu inahitaji saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi kabla ya kuwa tayari, na yai halidumu sana likishatoka. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya zamani: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi mapema. Kanuni hiyo inafanya kazi pale tu unapojua joto lilianza lini. Kama mara ya mwisho kuangalia ilikuwa jana saa 12 jioni na leo saa 2 asubuhi unamkuta amesimama, huenda alianza saa 4 usiku. Kumsubiri hadi jioni ni kuchelewa.

Angalia mara tatu kwa siku, dakika 20 hadi 30 kila mara: alfajiri, mchana kukipoa, na usiku kabla ya kulala. Usihesabu muda wa kukamua wala wa kulisha, maana wakati huo akili yao iko kwenye chakula.

#3 Banda_Dogo

Mkuu, na kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili waliofungwa bandani, nani atampanda nani?

#4 Mpandishaji_Mkongwe

Swali zuri ndugu. Kwa aliye peke yake unategemea ute, maziwa, kulia na uke. Mtazame akiwa amelala, kwa sababu ute humwagika nyuma yake sakafuni wakati huo. Futa sakafu usiku ili asubuhi ujue ute ni wa lini. Ukiweza, mfungue kila siku kwa nusu saa kwenye uwanja wa udongo. Sakafu ya zege yenye utelezi huwafanya waogope kupandana hata wakiwa kumi.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huipuuza: damu kidogo kwenye mkia, siku 1 hadi 3 baada ya joto. Ukiiona, usimpandishe, umeshachelewa. Andika tarehe na uanze kumkodolea macho kuanzia siku ya 17 baada ya hapo. Damu haikwambii kama ameshika au hajashika, inakwambia tu kwamba joto limepita.

#5 Lishe_Kwanza

Naomba nipingane kidogo na mwenendo wa uzi. Mnazungumzia siku ya kupandisha, lakini ng'ombe wengi wameshaharibikiwa wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki tatu baada yake. Yai linalotoka leo lilianza kukomaa wiki nyingi nyuma. Kama wakati huo ng'ombe alikuwa anayeyusha nyama yake kutengeneza maziwa, yai hilo ni dhaifu, na hata mbegu ya fahali bora haitaliokoa.

Maziwa hufika kilele wiki ya 4 hadi 8, lakini uwezo wake wa kula hufika kilele wiki ya 10 hadi 12. Katikati hapo anakula kidogo kuliko anachotoa, na anafidia kwa mafuta ya mwili. Kupungua kidogo ni kawaida. Kupungua sana ndiko kunakozima ovari.

Jifunzeni kupima hali ya mwili kwa alama 1 hadi 5. Bonyeza mbavu fupi za kiunoni na utazame mashimo pembeni mwa shina la mkia. Alama 3 ni pale mbavu fupi unazihisi kwa kubonyeza kidogo na mashimo hayana kina wala hayajajaa mafuta. Anatakiwa azae akiwa na 3 hadi 3.5, na asipoteze zaidi ya nusu alama mpaka wakati wa kupandishwa. Akipoteza alama nzima, usishangae asipoonyesha joto. Na aliyenenepa hadi 4 yuko hatarini kuliko wengi wanavyodhani: akizaa hamu ya kula inakatika, mafuta yanakimbilia kwenye ini, anapata ketosisi (ugonjwa wa kuchoma mafuta ya mwili kupita kiasi), na kondo linakwama.

Mkaushe, yaani uache kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa. Kipindi hicho si cha kumnenepesha wala kumkondesha, hali ya mwili irekebishwe mwishoni mwa kukamuliwa. Wiki tatu za mwisho anza kumzoesha chakula cha nguvu, kilo 1 kwa siku na kupanda polepole hadi kilo 3, ili vijidudu vya tumboni vizoee. Akishazaa ongeza nusu kilo kila baada ya siku moja au mbili. Wengi huruka hadi kilo 8 siku ya tatu, na tumbo linachachuka. Usimpe zaidi ya kilo 2 hadi 3 kwa mlo mmoja, na majani makavu au sileji (majani yaliyovundikwa) viwepo muda wote. Kama kipimo cha kuanzia, kilo 1 ya chakula cha nguvu kwa kila lita 2 hadi 3 zinazozidi zile anazoweza kutoa kwa majani peke yake.

#6 Banda_Dogo

Na madini? Wengine wanasema jiwe la kulamba linatosha.

#7 Lishe_Kwanza

Jiwe ni afadhali kuliko kukosa, lakini ng'ombe anayekamuliwa halambi kiasi anachohitaji. Changanya madini ya unga kwenye chakula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Kwa uzazi angalia fosforasi, shaba, zinki, iodini na seleniamu, pamoja na vitamini A na E. Upungufu wa seleniamu na vitamini E unahusiana moja kwa moja na kondo kukwama.

Kuna kosa moja la hatari hapa: kumpa ng'ombe mkavu madini yale yale ya anayekamuliwa. Yana kalsiamu nyingi. Wiki tatu kabla ya kuzaa, kalsiamu nyingi kwenye chakula huufanya mwili usahau kuitoa kwenye mifupa. Siku ya kuzaa maziwa yanaivuta yote kwenye damu, mwili hauna pa kuitoa haraka, na unapata homa ya maziwa: masikio ya baridi, anayumba, analala shingo imepinda ubavuni. Majani ya jamii ya kunde nayo yana kalsiamu nyingi, yapunguzwe kipindi hicho. Madini ya ng'ombe mkavu yanauzwa kando, ulizia hayo.

Na protini ya kupita kiasi, hasa mashudu mengi au yurea bila chakula cha wanga cha kuisindikiza, hupandisha yurea kwenye damu na kuharibu mazingira ya mfuko wa uzazi. Ng'ombe anatoa maziwa vizuri, anaonyesha joto vizuri, na bado anarudi kila siku ya 21. Mkiona hivyo kwa kundi zima, tazameni hori kabla ya mtungi wa mbegu. Maji pia: anayekamuliwa anaweza kunywa lita 80 hadi 120 kwa siku, na ndoo mbili haziwezi kumtosha.

#8 Daktari_wa_Zizi

Nakubaliana na #5, nami naingilia pale pale: siku ya kuzaa.

Kondo likizidi saa 24 bila kutoka, limekwama. Usilivute kwa mkono, na usifunge jiwe lining'inie. Kuta za mfuko huchanika, vipande hubaki ndani, na uchafu wote wa nje unaingizwa juu. Kata kile kinachoburuta chini, mpime joto la mwili asubuhi na jioni kwa siku kumi. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.3. Ikifika 39.5 au zaidi, hali chakula, na majimaji yanatoka mekundu ya kahawia yenye harufu mbaya, hiyo ni metritisi (maambukizi makali ya mfuko wa uzazi) na inahitaji daktari siku hiyo hiyo, siyo kesho.

Majimaji ya kawaida baada ya kuzaa yana rangi ya damu hadi kahawia, hayana harufu ya kuoza, na huisha ndani ya wiki mbili hadi tatu. Usaha mweupe unaoendelea kuonekana baada ya siku 21, ng'ombe akiwa mzima na anakula, ni uvimbe sugu wa ukuta wa ndani. Huyu ndiye "mrudiaji" wa kesho. Mfuko wa uzazi unahitaji kama siku 40 kurudi ukubwa wake, kwa hiyo kabla ya siku 45 usimpandishe hata akionyesha joto, liandike tu. Mimi napendelea mkagueni wote kati ya siku ya 30 na 40 tangu kuzaa. Tatizo likijulikana hapo kuna muda wa kulitibu kabla ya joto unalolitaka.

Kutupa mimba ni habari nyingine. Mmoja akitupa, chukulia ni maambukizi hadi kipimo kikatae. Brusela, ugonjwa wa bakteria wa kutupa mimba, kwa kawaida hutupisha mimba ikiwa miezi 5 hadi 8, na kondo hukwama baada yake. Vaeni glavu, kijusi na kondo vizikwe kwa kina au vichomwe, mbwa wasiguse, mahali paoshwe kwa dawa, na aliyetupa atengwe. Ugonjwa huu unaingia kwa binadamu kupitia majimaji hayo na kupitia maziwa mabichi, kwa hiyo maziwa yachemshwe. Chanjo ya brusela iitwayo S19 huwa kwa ndama majike wa miezi 3 hadi 8, na haipewi madume. Mbwa nao hueneza neospora, kimelea kingine kinachotupisha mimba, kwa kinyesi juu ya chakula cha ng'ombe, ndiyo sababu nyingine ya kuwazuia wasilale ghalani.

Wenye fahali anayezungushwa kwa majirani: trikomonasi na kampilobakta, magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, husafiri naye bila yeye kuonyesha dalili yoyote. Majike wanarudi kwa siku zisizo na mpangilio, mimba changa zinapotea, na kila mtu analaumu chakula. Dawa kubwa ni kuacha fahali huyo na kutumia mrija wa mbegu iliyogandishwa. Ng'ombe mpya naye atengwe siku 30 na apimwe brusela kabla ya kuchanganywa.

#9 Jike_la_Kwanza

Daktari, kuna sindano ya kuleta joto. Kwa nini tusiwachome wote wasioonyesha, wapandishwe siku moja, tumalize kazi?

#10 Daktari_wa_Zizi

Kwa sababu sindano ya prostaglandini haitengenezi joto kutoka hewani. Inayeyusha uvimbe wa njano unaobaki kwenye ovari yai likishatoka, na uvimbe huo ukiondoka ndipo joto linakuja baada ya siku 2 hadi 5. Ng'ombe ambaye ovari zake zimelala kwa njaa hana cha kuyeyusha, utachoma maji. Aliye siku chache tu baada ya joto, uvimbe wake bado mchanga haujibu. Na aliye na mimba usiyoijua, utamtupisha. Ndiyo maana kwanza anapimwa. Kwa kundi lenye mizunguko ya kawaida, sindano mbili zilizopishana siku 11 hadi 14 huwakusanya pamoja wengi wao.

Tahadhari ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa inavyostahili: mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike dawa hiyo. Inapenya kwenye ngozi.

#11 Mpandishaji_Mkongwe

Sasa niseme la upande wetu, maana wapandishaji nasi tuna makosa. Mbegu iko kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila unapoinua mirija juu ya shingo ya mtungi kutafuta jina la fahali, mbegu inapata joto, na hasara hiyo hairudi hata ukiishusha tena. Jua mrija uko kikombe gani kabla ya kufungua. Inua hadi chini ya mstari wa barafu shingoni tu, chukua kwa kibano, na usizidi sekunde 8.

Yeyusha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40, kwa kipimajoto, siyo kwa kukadiria kwa kidole wala kwapani. Kausha mrija kabisa, tone la maji likiingia linaua mbegu. Pasha chuma cha kupandishia kwa kukisugua, kata mrija wima, na uwe umemaliza ndani ya dakika 15. Mfugaji ana haki ya kuyaona haya yote yakifanyika mbele yake.

Ndani, vuka pete zote za shingo ya kizazi na usimame ncha inapotoka tu. Mimina taratibu kwa hesabu ya tano. Ukizidisha kina unaacha mbegu kwenye pembe moja au unachubua ukuta. Ukiishia kwenye shingo kwa wa mara ya kwanza, nyingi inarudi nje. Lakini kwa aliyekwisha kupandishwa na ute wake unanata kama gundi, usilazimishe, huenda ana mimba. Wapo wachache wenye mimba wanaoonyesha joto.

#12 Kiwele_Safi

Mmesahau kiwele na kwato, na vyote vinafika kwenye uzazi. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba ana homa na sumu za vijidudu kwenye damu, mambo yanayovuruga kutoka kwa yai na kuua kiinitete kichanga. Kamua matone ya kwanza kwenye kombe jeusi kila mara, pima maziwa ya kila chuchu kwa kibao cha vikombe vinne mara moja kwa mwezi, chovya chuchu kwenye dawa baada ya kukamua, na umkamue mgonjwa mwisho. Siku ya kukausha weka dawa ya kukaushia kwenye chuchu zote nne, baada ya kuzisafisha ncha kwa spiriti.

Mwenye kwato mbaya hasimami kupandwa, hali vya kutosha, anakonda, na tumerudi kwenye alama ya mwili ya #5. Punguza kwato mara mbili kwa mwaka. Bafu la miguu ni kilo 5 za mrututu (chumvi ya shaba) kwa lita 100 za maji, na kwato zioshwe kwanza kwa maji matupu, kwa sababu kinyesi kinaiua dawa. Maji yaliyotumika yasimwagwe malishoni, shaba inakaa udongoni.

#13 Jike_la_Kwanza

Na mtamba (jike ambaye hajazaa) apandishwe akiwa na umri gani?

#14 Daftari_la_Zizi

Uzito kwanza, umri baadaye. Afike asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Kama wazima wana kilo 500, basi kilo 300 hadi 325, na kwa aliyelishwa vizuri hiyo ni miezi 13 hadi 15. Ukimpandisha na kilo 230 kwa sababu umri umefika, atazaa kwa shida, na nguvu atakazozielekeza kwenye kukua zitamkosesha mimba ya pili. Ukimchelewesha na ukimlisha kupita kiasi, kiwele kinajaa mafuta badala ya vijifuko vya maziwa.

Kama mtamba alizaliwa pacha na dume, usihangaike naye. Zaidi ya 9 kati ya 10 wa aina hiyo hawazai, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni na homoni za dume zikaharibu viungo vyake. Daktari anaweza kumkagua akiwa bado mdogo.

#15 Banda_Dogo

Asanteni wakuu. Wangu kapandishwa siku 24 zilizopita na hajarudi. Nimhesabu ana mimba?

#16 Daktari_wa_Zizi

Bado ndugu. Kutorudi kunamaanisha ama ana mimba, ama joto limekupita, ama ovari zimelala. Kwa mashine ya picha anaweza kupimwa kuanzia siku ya 30, kwa mkono kuanzia siku ya 45 kwa mwenye ujuzi, na siku ya 60 kwa uhakika zaidi. Endelea kumwangalia joto siku ya 36 hadi 48, halafu mpime. Akiwa na mimba, mpime tena akifika siku 90, kwa sababu zipo zinazopotea katikati, na ukigundua mapema bado una msimu wa kumrudisha. Andika tarehe zote mbili leo kabla hujafunga daftari.